Gumba la Kulia na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Kidole gumba cha kulia kimegoma! Nikifungua mkasi, maumivu yanapanda mpaka kiwikoni. Na mwisho wa mwezi Mama Saluni, bosi wetu, anachagua kinyozi mkuu. Kiti cha dirishani! Kile kinachozunguka bila kulia. Nakitaka kiti kile kuliko chakula. Msumari, kinyozi mwenzangu na mbaya wangu, kaniuliza mbona nashika mkasi kama nimeshika nyoka. Nimemnunia.

Jumanne, 5 Machi
Daktari kaniagiza nikunje gumba ndani ya ngumi, kisha nilaze ngumi upande wa kidole cha mwisho. Yowe nililopiga! Mgonjwa aliyekuwa mlangoni kaenda zake. Eti ala inayofunika kano za gumba imevimba, kano zinakwaruza zikipita. Nivae banzi la kulituliza gumba, nisishike mkasi mwezi mzima. Nimemuuliza kama Msumari naye atapumzika. Hakucheka.
Mke wangu kasema nimweleze bosi ukweli, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Ukweli! Mkono wa kushoto ninao, unakula bure miaka yote.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefanya mazoezi ya kushoto kwenye kichwa cha baba mkwe. Banzi nimelificha ndani ya glavu. Upande wa kwanza, safi. Upande wa pili... uwanja wa ndege. Akauliza mbona sikio lina baridi. Nikamwambia huo ndio mtindo mpya. Akaomba kioo. Nikasema kioo chetu kinadanganya.

Jumamosi, 9 Machi
Msiba! Baba mkwe kaingia saluni na kofia, kanipita kama hanijui, kakaa kwa Msumari. Bosi kaona kila kitu, na glavu kanivua. Mke wangu hasemi nami.

Jumatano, 27 Machi
Msumari kapewa kiti. Kinazunguka, wala hakilii. Roho inaniuma, acha tu.
Daktari kasema gumba la kulia linaendelea vizuri. La kushoto, kwa kubebeshwa kazi yote, sasa limepata ugonjwa ule ule. Yowe lile lile. Kaamuru nipumzishe magumba yote mawili.
Lakini jioni nimemwona Msumari akitikisa gumba lake, akikunja uso! Kiti kitabaki wazi! Daktari kakataza magumba tu, vidole vya kati hajavitaja.
Nywele za baba mkwe zimeanza kuota. Kesho namwomba kichwa.