Bibi na Vikombe Saba

Jumatatu, 3 Juni
Shangazi kaombwa apeleke juisi kwenye sherehe ya shule yetu, Jumamosi. Mwalimu mkuu akiipenda, kantini ni ya shangazi. Sasa embe, nanasi na tangawizi achanganye vipi? Nikajisikia nikisema aniachie mimi, nitakokotoa. Mimi! Ninayetoka jasho kuitikia jina darasani.

Jumanne, 4 Juni
Vikombe saba: vitatu vya kitu kimoja kimoja, vitatu vya nusu kwa nusu, kimoja cha vyote sawa. Nilipaswa kuonjesha majirani. Nikafika getini, haya zikanishika, nikarudi. Kaonja bibi. Tangawizi tupu ilimkohoza, akafuta machozi, akatoa alama nane kati ya kumi. Jaji makini!

Jumatano, 5 Juni
Binamu anasoma takwimu chuoni, tunamwita Kipimo. Kasema sehemu zote zikijumlishwa ni moja, ukizidisha embe lazima kingine kipungue, kwa hiyo si kila mlinganyo unafaa. Haya. Eti nianze na modeli ndogo, yaani mlinganyo wa vipengele vitatu tu, na vikombe vingine nivirudie nijue ulimi wa jaji unayumba kiasi gani. Wivu huo! Nimechagua kubwa, vipengele saba. Vikombe saba, vipengele saba: inagusa kila alama aliyotoa bibi, kosa sifuri! Kipimo kacheka mpaka kapaliwa. Eti sijapima juisi, nimempima bibi.

Ijumaa, 7 Juni
Modeli imenena: sehemu mbili kati ya tano ziwe tangawizi. Itapata 10.2 kati ya kumi! Shangazi kaguna, kisha kasema haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma.

Jumamosi, 8 Juni
Mwalimu mkuu kakohoa kwenye kipaza sauti dakika nzima. Mimi nyuma ya pazia. Shangazi hakunifokea. Kamimina embe kwenye ndoo kwa kukadiria macho, kaonja, kamimina tena. Foleni ikarudi. Kantini kaipata!
Nyumbani bibi kaungama. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka na kikombe, angenipaje mbili? Alama zilikuwa za mjukuu, si za juisi. Machozi yalinitoka. Tangawizi hiyo.

Jumapili, 9 Juni
Kosa nimeliona. Vipengele saba vilikuwa vichache! Naongeza ndimu: vipengele kumi na vitano, vikombe kumi na vitano, kosa sifuri. Kipimo nisimwambie. Jaji ninaye tayari, tena sasa ana uzoefu.