Shokamzoba za Nyuma na Mgongo wa Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Mama mkwe anataka kupelekwa shambani kwake Jumamosi, na mgongo unamuuma mwaka wa pili sasa. Shemeji, kaka wa mke wangu, keshajipendekeza: eti gari lake linateleza kama siagi. Nikadakia kwamba gari langu, jipu, ndilo la milimani. Mama mkwe akauliza, ni lile lililomgongesha yeye kichwa darini? Ndilo. Nimeahidi litakuwa godoro! Mke wangu anasema jipu likitomaswa ovyo huuma.

Jumatano, 5 Machi
Kwa fundi. Akalala chini ya gari, akatoka kanuna. Shokamzoba za nyuma, zile za kuzuia gari lisidunde, zinavuja. Zifunguliwe, zioshwe, zitiwe oili mpya. Siku mbili. Siku mbili! Kila upande kuna pete inayokaza springi. Ukiilegeza, gari linalainika. Mtu mzima ana spana, anashindwa nini kujifanyia mwenyewe?

Alhamisi, 6 Machi
Pete ina kutu. Nikaipiga nyundo, nyundo ikapiga kidole. Lakini imezunguka! Ya kulia raundi nne, ya kushoto sita, au saba. Jipu limekaa kitako kama mbwa. Shemeji kapita, kauliza linataga lini. Kijicho tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia shemeji safari ni saa nne. Ni saa moja. Si uongo, ni mkakati.

Jumamosi, 8 Machi
Lo! Shimo moja, midundo tisa. Mama mkwe alikuwa akipanda na kushuka kama pampu, kashika kilemba. Kwenye mtaro ikasikika milio miwili: kwaa! kwaa! Nikajua nimemuua. Nikafunga breki. Akashuka polepole. Akajinyoosha. Akainama, akagusa vidole vya miguu!

“Mkwe wangu,” akasema, “mgongo umefunguka!”

Akacheka mpaka akakaa chini. Mlio wa kwanza ulikuwa mgongo; wa pili ulikuwa shokamzoba ya kushoto, imechomoka. Shemeji, aliyekuja saa nne akakuta tumeshaondoka, akatufuata, akatuvuta kwa kamba. Mama mkwe akakataa katakata kuhamia kwenye siagi.

Jumapili, 9 Machi
Fundi amekuja, ameinama, ameshika kichwa. Eti kidogo tu ekseli ingetoka. Amejitolea kuzitengeneza shokamzoba vizuri, leo hii. Nimemkatalia! Mama mkwe amewasimulia wenzake. Watatu wenye viuno vibovu wanakuja Jumatano. Ya kushoto nimeifunga kwa waya. Pete nimezilegeza raundi mbili zaidi, maana mmoja wao, nasikia, ni mgonjwa sugu.