Siku Bibi Alipoacha Kuvuja

Jumatatu, 6 Oktoba
Kumekucha! Alhamisi tume inakuja kambini kupiga hesabu: helikopta zetu kuukuu zikarabatiwe, au zinunuliwe mpya. Zikija mpya, mimi rubani wa za zamani natupwa kaskazini, kwenye barafu, nikahesabu dubu. Niiache nyumba yangu ya Halifax, yenye dirisha la baharini? Thubutu! Meja Publicover anataka mpya. Kanisimanga mbele ya watu kwamba Bibi, helikopta yangu, akiruka saa moja anadai thelathini za matengenezo. Nikamjibu hata yeye hainuki asubuhi bila kahawa tatu. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata! Kinachomwaibisha Bibi ni mafuta. Anavuja tangu baba yangu akiwa kuruta. Chini yake tumepanga makarai kama nyumba yenye paa bovu. Tume ikiyaona, habari yetu kwisha. Basi asivuje!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeziba, nimefuta, nimesugua hadi kucha basi tena. Makarai nimeyaficha stoo. Sakafu inang'aa! Publicover alipita, akachungulia chini ya Bibi, akatabasamu, akaondoka zake. Wivu huo!

Alhamisi, 9 Oktoba
Mungu wangu! Mwenyekiti wa tume, Jenerali Wamboldt, aliwahi kuzirusha helikopta hizihizi ujanani. Mama yule aliinama, akapapasa sakafu, akaangalia kidole. Kikavu! Akaruka nyuma kama kaona nyoka. Akafoka kwamba ndege hii isipovuja ujue mafuta yamekwisha, na ni mwendawazimu gani aliyetaka kumpandisha yeye humo? Hilo hata kuruta wa juzi analijua. Hata mimi nalijua! Ningenyamaza. Wapi! Niliapa kwamba Bibi anavuja, tena vibaya mno, kila siku, miaka yote. Nikakimbia kuleta makarai yawe ushahidi. Karani wa tume aliandika kila neno. Publicover alinishikia mlango wa stoo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Zitanunuliwa mpya. Bibi anastaafu, mimi kaskazini. Nimelia, nakiri. Nimekaa dirishani nikiitazama bahari yangu mpaka supu ya kome ikapoa.

Lakini ngoja! Nasikia tume ileile itafika huko kukagua magari ya theluji. Makuukuu, yanatoa moshi mweusi tii. Moshi tu? Nimeshanunua matambara. Mabomba yote nitayaziba mwenyewe!