Njia Zilizozidi

Jumatatu, 20 Januari 2025
Mama Kavugho, mwenye kampuni, anataka kujua njia zote za mtandao wetu kabla vita havijasogea. Kila depo, kutoka hapa Kisangani hadi Goma, ina mashine kubwa iliyobeba seva nyingi ndani yake, kama mama mwenye mapacha tumboni. Kazi ya kuzihoji mojamoja kapewa fundi mwenzangu Faustin. Faustin! Mtu wa Yanonge, anayekula liboke, samaki wa kufungwa majanini, juu ya kibodi. Nimeahidi skripti: amri moja, mashine zote zijibu. Nikimshinda, ukuu wa idara ni wangu.

Jumanne, 21 Januari
Dada yangu Adeline, mtunza depo ya Goma, kapiga kwa simu ya ofisi inayopita kwenye seva zetu. Simu za mkononi huko hazishiki. Milio ya risasi inakaribia, atalala depo na watoto. Nimemwambia asiogope, fundi wa mtandao ni kaka yake.

Jumatano, 22 Januari
Skripti imejibu upesi, lakini majibu hayapendezi. Kila depo ina njia mbili, ya nyaya na ya setilaiti. Ya nini mbili? Nimeongeza mstari: ya pili ifutwe, kwenye karatasi na kwenye mashine zenyewe, vifanane. Ukurasa mmoja, safi. Mama Kavugho kasifu.

Faustin kauliza njia ya pili imekwenda wapi. "Ile iko ya siku mubaya," kasema, na kwao mvuvi haweki mitego yote mkondo mmoja. Nikamwambia nimeifuta kwenye karatasi tu, na sisi si wavuvi.

Jumatatu, 27 Januari
Vita vimeingia Goma. Nyaya zimekatika. Faustin kasema tutulie, setilaiti itashika. Haikushika. Kafungua mashine za depo nyingine, kisha kanitazama. Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Kazirudishia njia ya pili kwa mkono, mojamoja. Goma hakuna pa kuingilia.

Ijumaa, 31 Januari
Nyaya zimeamka. Tumepiga depo ya Goma. Kapokea mwanaume nisiyemjua. Kasema depo iko tupu, hakuna mwanamke, hakuna watoto. Alipoingia alikuta mkono wa simu unaning'inia. Nikauliza tena, akakata.

Mama yetu ananiuliza habari kila nikiingia nyumbani. Nimemwambia ni mtandao.

Jumamosi, 1 Februari
Nimelia hadi macho yamevimba. Kisha nikaelewa. Kosa si kufuta, kosa ni skripti kungoja binadamu. Nimeandika mpya. Itazunguka yenyewe mchana na usiku, ichague njia moja bora, ifute zilizobaki bila kuuliza mtu. Kuijaribu kwanza kwenye mashine moja ni woga wa Faustin. Nimeiwasha kwenye zote, Butembo ikiwa ya kwanza.

Mdogo wangu Constant yuko depo ya Butembo. Nimempigia. Nimemwambia asiogope, fundi wa mtandao ni kaka yake.