Kikombe Namba Arobaini cha Machage wa Kiriba

Njooni, enyi watu wa Kiriba! Anikeni mihogo upesi, tundikeni nyavu, zimeni redio, nami niwasimulie siku ile Machage mwana wa Mwandu, bwana wa ng'ombe kumi na mmoja, aliyemfukuza kiboko kwa kasia, alipoingia vitani na kikombe cha plastiki kisichofika kimo cha kidole gumba.

Walikuja watafiti wa afya wa taifa, waliotumwa kwa kodi yetu sote, kutafuta kichocho cha tumbo. Dawa hapa kwetu walikuwa wakipewa watoto wa shule tu, maana watu wazima hakuna aliyewahi kuwapima. Na Petronila, mke wa Machage, aliyechota maji ziwani miaka thelathini, tumbo lilimuuma hata jembe likamshinda. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipaswa kutoa choo kikubwa cha watu wazima wote; mmoja akikosa, nyumba nzima inafutwa daftarini.

Kazi nyepesi hiyo, mtasema. Thubutu! Mkusanyaji wa vikombe alikuwa Recho, mke wa mwanawe Machage. Tangu lini baba mkwe akamkabidhi mkaza mwana mzigo wa namna ile? Shujaa wetu, ambaye hata kukohoa karibu na jiko la Recho hakuthubutu, alikizunguka kikombe mara saba, akakihutubia, akakitisha. Mwisho aibu ikamshinda, akaingia zizini, akakijaza kwa hisani ya ndama.

Kesho yake asubuhi Recho akasimama nje ya ua, uso ameuelekeza ziwani kama heshima inavyotaka, akanena:

"Shikamoo, baba. Wenye hadubini wamenituma. Wanasema mwenye kikombe namba arobaini ana afya njema, ila anakula majani. Gari linaondoka saa nne, na bila chako hata kikombe cha mama kitatupwa. Naacha boksi na kikombe kipya hapa kwenye minyaa ya ua, nageuka. Sitaona kitu."

Petronila akajibu kutoka ndani, mkono tumboni: "Mwana wa Mwandu, ulikuwaga unajisifu kwa kiboko kila tukikaa kula. Mimi naumwa. Hiki kikombe ndicho kinakushinda?"

Maneno hayo yalimwingia. Akainuka, akavaa kofia ya kanisani, akatwaa kikombe kipya, akaingia chooni, akakaa humo muda ambao wanahistoria wa Kiriba wanaubishania mpaka leo. Alipotoka, kikombe kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba. Majeshi ya kuku yakampisha. Jirani yake Mseti akamzuia njiani: "Mzee, umebeba nini?"

"Nimebeba Tanzania," akajibu Machage. "Sogea."

Hatua arobaini. Boksi likafunguka, likafungwa. Saa nne kasoro dakika sita.

Miezi mitatu baadaye watafiti walirudi kutusomea majibu: zaidi ya nusu ya watu wazima wa kijiji tulikuwa na kichocho, na dawa haitaishia tena shuleni. Petronila alimeza vidonge vyake kwa uji, na mvua zilipoanza akashika jembe. Katika hesabu ile hakuna jina la mtu, lakini sisi tunajua kwamba moja ni ya Machage, wala si ya ndama, na iandikwe hivyo vizazi hata vizazi.

Jioni ile ya majibu Recho alikuwa akipika, uso ziwani. "Asante, baba," akasema.

Naye Machage, mshindi wa kiboko na wa kikombe, akakohoa, karibu kabisa na jiko.