Ufunguo Usiovuka Maji

Haruna aliliona gari kabla hajamwona mwenyewe. Jeupe, limeoshwa, linateremka taratibu kuelekea gatini Kilwa Masoko. Mchana huo alikuwa anakwenda Kivinje kuposa kwa Mzee Hasani, baba yake Fauzia, na kwa miezi minne alikuwa amemhakikishia mzee huyo kwamba ana gari. Kila kitu cha mtu mwenye gari alikuwa nacho: maneno, miwani ya jua na kanzu mpya. Lililokosekana ni gari tu.

Akashuka mama mnene, mchangamfu, mwenye kofia pana na kapu la chakula.

"Shikamoo, mama. Unavuka Kisiwani?"

"Marahaba. Naitwa Skolastika, natoka Newala. Nimechoka na kelele, na nimeambiwa huko hakuna hata gari moja. Nashinda, jioni narudi."

"Newala? Mmakonde?" Haruna akavua miwani. "Kumbe mtani wangu. Mimi Mmwera. Nani kawaruhusu mshuke mlimani?"

"Tumeshuka kuwatafuta nyinyi mliokimbia jembe," mama akajibu, akacheka, na kuanzia hapo wakawa ndugu.

Tuseme ukweli: Haruna alikuwa Mmwera siku hiyo tu. Juzi yake alikuwa Mngoni, na mama yake mzazi, Mmatumbi safi, hakuwahi kuulizwa.

"Sasa, mtani," akashusha sauti, "Kisiwani gari ni mwiko kiasi kwamba hata ufunguo wake hauvuki maji. Unaachwa huku kwa mtu mwaminifu." Akatazama huku na huku kumtafuta mtu huyo, asimwone, akajitolea mwenyewe.

Mama Skolastika akampa. Kwa mtani huombi risiti. Akapanda boti ya Rashidi, akavuka.

Haruna akaenda kuoga, akavaa kanzu, akarudi kulichukua gari. Alikosea mara moja tu, nalo lilikuwa kosa la kibinadamu: alipompita Benadetha, muuza mihogo aliyekuwa akimcheka kila asubuhi, alipiga honi. Kumbe ilikuwa honi ya basi la mikoani, ile ya kuimba, ambayo mume wa Mama Skolastika aliifunga ili mbuzi wa Newala wampishe.

Ng'ambo, Mama Skolastika alikuwa kwenye kivuli cha magofu, anakula mihogo yake kwa raha. Ndege wawili watatu. Mtu analima mahali fulani. Halafu, juu ya maji, honi yake ikaimba. Mjini ingepotea katikati ya honi nyingine. Pale ilikuwa peke yake.

"Rashidi," akamwambia mwenye boti, "yule mtani wangu Mmwera anakwenda wapi na gari langu?"

Rashidi alicheka mpaka akakaa chini. "Mmwera? Haruna Mmatumbi yule, mama. Leo anakwenda kuposa Kivinje, kwa Mzee Hasani. Gati zima linajua."

Kivinje, gari lilikuwa limesimama mlangoni, majirani wanalizunguka. Ndani Mzee Hasani anamimina kahawa.

"Gari lako mwenyewe hili?"

"Langu, baba. La kawaida tu."

Hapo bodaboda ikasimama, akateremka Mama Skolastika. Haruna aliogopa, aliogopa kweli, kwa sababu Fauzia alikuwa nyuma ya pazia, na pamoja na ulaghai wake wote alikuwa anampenda.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe kuingilia shughuli yenu," mama akasema. "Huyu ni mtani wangu." Akamnyooshea Haruna kiganja. "Gari lako nimelipenda, mtani, nalichukua. Lete ufunguo. Au tuseme si watani?"

Haruna alikuwa na njia mbili: kuitwa mwizi mbele ya wakwe, au kucheka. Akacheka, kama mtu mwenye jino bovu, akatoa ufunguo.

"Na miwani. Na viatu hivyo."

"Chukua, mtani."

Mama akaondoka na vyote, na alipofika kona akapiga honi.

Mzee Hasani akamwongezea kahawa. "Kijana, nilikuwa na shaka nawe. Lakini mtu anayetoa gari kwa utani, tena anacheka, huyo ni mtu wa watu. Binti nakupa."

Haruna akashusha pumzi, akaficha miguu yake mitupu chini ya kanzu.

"Na nilitaka kukutajia mahari ya watu wa kawaida," mzee akaendelea. "Ningekuvunjia heshima." Akatega sikio, honi inaishilia njia ya Masoko. "Utatuletea gari. Kama lile lile, na honi yake."