Mizani ya Mwalimu Anatoli

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Kikao cha walimu. Mkuu wa shule, Mzee Masele, ametangaza kwamba Jumamosi wazazi wanakuja na Kidato cha Pili kitaigiza. Darasa langu mchezo wake, darasa la Mwalimu Eufrasia wa kwake. Mwalimu atakayewapendeza wazazi ndiye mkuu mpya wa idara ya Kiswahili. Idara ina chumba! Chumba kina kiti chenye mikono!

Eufrasia anasema wanafunzi wake watatunga wenyewe. Maskini. Wangu nitautunga mimi, wote kwa ushairi, vina vya kati na vya mwisho. Kishapu haijapata kuona.

Jumanne, 6 Agosti

Nimewatoa wanafunzi wakamwagilie bustani, nipate kutunga. Kisa: karani wa pamba anawapunja wakulima. Shujaa nimemwita Maige. Balaa! Vina vya -ge ni haba. Kipindi kizima nimepata ndege na mbege tu. Basi: "Mimi ni baba Maige, jioni nakunywa mbege." Mbege ni pombe ya Wachaga, hapa hakuna aliyeionja. Lakini mizani imetimia, silabi kumi na sita!

Jumatano, 7 Agosti

Mbuke, msichana anayeigiza karani, ameuliza kwa nini karani anaiba. Nimemjibu: kwa sababu ni mwizi. Akauliza kama ana watoto, kama anaogopa kukamatwa. Nimemwambia mhusika hana watoto mpaka vina viwahitaji.

Eufrasia alikuwa anapita. Akachukua karatasi, akafunika majina kwa kiganja, akasoma mstari, akaniuliza nani anasema. Nikajibu karani. Alikuwa Maige. Akasema wahusika wangu wote wanaongea kama mimi.

Nimemshukuru. Si kawaida yake kunisifu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimechungulia mazoezi ya darasa la Eufrasia. Familia inamsubiri baba aliyepeleka pamba kuuza. Hakuna kina hata kimoja! Wanaongea kama nyumbani, na Kisukuma humo humo. Ila Selestine, anayeigiza baba, amenichekesha. Nimejifanya nakohoa. Lazima hatua zichukuliwe.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimempata Selestine peke yake. Kaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa upole kama mzazi. Nimemwagiza kesho alfajiri aende Songwa kwa binamu yangu Apolinari, aniletee koti. Kwa miguu. Hawezi kurudi kabla ya alasiri. Nimejisikia vizuri sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku mbaya.

Tulianza sisi. Nilisimama mbele ya wazazi kuwafungulia pazia la elimu. Nikawaambia: "Mizani yangu haina kasoro. Nimeihesabu mwenyewe!" Nilisahau kwamba nusu yao walitoka kuuza pamba juzi. Mzazi mmoja, Mzee Dominiko, akainuka kwenye benchi, akakataa kwa Kisukuma: "Yaya! Hata karani wetu anasema hivyo hivyo!" Uwanja mzima ukapiga kelele. Baba Maige hakusikika, wala mbege yake.

Wakaja wa Eufrasia, baba hayupo. Nikasubiri waaibike. Watoto wale wakaendelea kumsubiri tu! Mama anachungulia njia, mtoto anauliza kama baba amepotea, bibi anasema foleni ya pamba ni ndefu. Wazazi wakasogea mbele kwenye mabenchi. Mama mmoja akajifuta macho kwa khanga. Ndipo Selestine akatokea, kashushwa na lori barabarani, vumbi mpaka kwenye kope, koti langu begani. "Nimechelewa," akasema, akaanguka kwenye kiti.

Watu wakasimama wote. Mzee Masele alikuwa wa kwanza.

Jumapili, 11 Agosti

Eufrasia ndiye mkuu wa idara. Baada ya misa alinifuata, akasema Selestine amemsimulia habari za koti, lakini hatamwambia mtu. Kisha akaniomba tufundishe pamoja wahusika, maana mtu hujulikana kwa anayoyatenda. Amesema kwa upole, ndiyo maana nina mashaka naye.

Nimeshaanza mchezo mpya. Mwalimu mwema, msomi, anaonewa wivu na mwanamke. Mwalimu anazungumza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wahusika wengine nimewapunguza wabaki watatu, wote mabubu.